Mitego Yote Sita

Mgwashi, Bumbuli,
Lushoto.
9 Juni 2024

Mpendwa kaka Rubeni,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Anitha na mtoto Heri hamjambo huko Geita, na kwamba ile homa yake imekwisha. Sisi tu wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu, tunalala na masweta. Mama mgongo unamsumbua kidogo, lakini anakula.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu hapa nyumbani ni moja, na Mama husikia kila ninachosema. Uliniuliza kama amekukasirikia kwa kukosa mazishi ya mjomba, maana tangu Februari hajazungumza nawe. Hapana, kaka. Hajakukasirikia. Anakuonea aibu.

Unakumbuka ile mitego ya kahawa aliyokusimulia kwa furaha mwaka juzi? Bwana shamba Abdulaziz aligawa mitego sita kwa kila shamba, ya kunasa bungua, wale wadudu ambao funza wao hutoboa shina la mbuni mpaka ukauke. Ndani huwekwa kifuko chenye harufu kama ile anayotoa dume kuwaita wenzake. Kwenye mafunzo alienda Mama, mimi nilikuwa hospitali Bumbuli na mwanangu Mariamu. Waliambiwa waitundike mbalimbali, shamba zima. Yeye akaitundika yote sita kwenye kipande chako, kule bondeni. Alisema mwenye kipande hayupo, lazima walinzi wawe wengi.

Hakuelewa kwamba harufu ile haifukuzi, inaita. Bungua wa shamba zima, na wa majirani pia, wakamiminika kwako. Wengi walinaswa, ndiyo maana alikuwa akikuhesabia kwenye simu huku anacheka. Lakini waliobaki nje ya mitego walikuwa wengi zaidi, wakataga mayai kwenye mibuni yako.

Mwaka jana majani yakaanza kuwa ya njano. Mwezi wa kwanza mwaka huu bwana shamba alipasua shina moja, tukaona funza wamelitoboa mpaka mizizini. Akamuuliza kwa upole, "Mama, mbona uliwaita wote huku?" Mama alikaa chini palepale, kwenye majani makavu. 

Kati ya mibuni themanini tumeng'oa na kuchoma sitini na mitatu. Mama alibeba magogo mwenyewe, hakutaka nimsaidie, na hakukubali hata kijiti kimoja kiende jikoni. Nililia, kaka, sitaki kukuficha. Ile ndiyo mibuni uliyoipanda na marehemu Baba kabla hujaondoka.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Mimi niliiona mitego yote upande mmoja siku ileile niliyotoka hospitali, nikanyamaza. Nilinuna. Nilijiambia, kumbe aliye mbali ndiye mtoto, mimi niliye hapa ni kibarua tu. Ningeuliza, bwana shamba angetuelekeza mapema. Kipande changu, ambacho hakikupata hata mtego mmoja, kimesimama, na kila nikichuma kahawa nasikia uchungu. Nisamehe.

Siku hizi simu ikiita, akiona ni wewe, Mama huchukua mundu akaenda kukata majani ya ng'ombe, hata kama zizi limejaa. Ng'ombe wetu amenenepa kwa simu zako. Nacheka, halafu roho inaniuma, kwa sababu namwona kule kwenye majani amesimama tu, hakati kitu, anasubiri simu inyamaze.

Baba mdogo Hezekia anakusalimu sana, na Mariamu naye. Nisalimie wifi, na umbusu Heri kwa niaba yangu.

Sasa hivi Mama yuko nje anapukuchua maharage, na anajua nakuandikia. Ameniagiza niseme kwamba mibuni yako imekaushwa na jua. Nitamwambia nimeandika hivyohivyo, na akiamini hivyo nadhani atashika simu. Basi siku atakaposhika, kaka, mpe pole ya jua.

Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Mdogo wako akupendaye na kukukumbuka,
Rahabu