Neno moja mbele ya kamati

Shoga, nimekiua kiwanda chetu cha sarafu kwa neno moja.

Si leo tulikwenda kamati ya bunge kuwaomba wasifute sarafu ya senti? Wenzangu wakanichagua mimi, eti ndiye mwenye mdomo. Miaka kumi na tisa naipiga chapa senti hiyohiyo, nani angeitetea kunishinda?

Na nilisema vizuri. Nikataja ada za watoto, kodi za nyumba, mpaka nikaona mzee mmoja anatikisa kichwa kwa huruma.

Halafu mwenyekiti, mama mpole kabisa, akaniuliza, "Dada, ukiikuta senti barabarani, unainama kuiokota?"

Nikasema, "Hapana."

Yaani hapana. Mbele ya kamera, shoga. Hapana.

Ukumbi mzima ukacheka. Mama wa watu akafunga faili lake taratibu.

Mdomo huponza kichwa, ila wangu umeponza vichwa thelathini. Hakuna anayenisemesha.

Sasa niko nje, kwenye ngazi. Kuna senti hapa chini, ya mwaka huu, imetoka kwenye mashine yangu. Wenzangu wote wameiruka wakapita.

Nimeinama, nimeiokota. Kamera zimeshaondoka.