Plasta ya Mzee Sarjono

Solo, 3 Machi

Wuryani,

Salamu. Mimi mzima. Wewe sikuulizi, nimekuona gazetini umenona. Eti "mvumbuzi wa plasta ya kutuliza maumivu"! Miaka minne nimehangaika maabara na mafuta ya majani ya mkarafuu mpaka ngozi ikakubali kupitisha dawa, wewe ukiniletea chai na kuniita dada. Kumbe unanyemelea daftari langu la utafiti. Haya, kula raha, mwanangu. Utanijua.

Aliyekuwa dada yako,
Niken

Semarang, 20 Agosti

Dada Niken,

Shikamoo. Mama hajambo? Mimi sina hali. Mzee Sarjono, mkaanga tofu ya soya, alikuwa wa kwanza kujaribishiwa plasta. Alibandikwa mgongoni, akashinda jikoni kwenye moto. Mkewe alimkuta sakafuni, anahema kwa taabu. Yuko hospitali, hajaamka. Daftari lina ukurasa uliochanwa. Uliandika nini pale? Madaktari wanauliza. Dada, nitukane baadaye.

Mdogo wako,
Wuryani

Solo, 24 Agosti

Wuryani,

Mama hajambo, ila jina lako hataki kulisikia. Ndiyo, nilichana mwenyewe, siku nilipokushtukia. Unautaka? Simama mbele ya wakuu wako wa kazini useme uliiba. Nataka barua yenye muhuri wao. Ulie kidogo, kama nilivyolia.

Niken

Semarang, 2 Septemba

Dada,

Hujambo? Nimesema mbele ya watu kumi na mmoja. Barua hii hapa, na muhuri wake. Kazi sina. Sasa tuma, nakuomba.

Mdogo wako,
Wuryani

Solo, 5 Septemba

Wuryani,

Sisi wazima, tena leo wazima kweli. Barua nimemsomea mama kwa sauti, akataka nirudie. Ukurasa ndio huu, una mstari mmoja: ngozi ikipata joto, dawa hupita maradufu, mgonjwa asikae karibu na moto. Basi. Tumelingana.

Niken

Semarang, 11 Septemba

Dada Niken,

Natumai barua hii inakukuta mzima. Mzee Sarjono tumemzika juzi.

Mstari mmoja, dada! Ungeuandika Machi, pamoja na matusi yako, leo angekuwa anakaanga tofu.

Nilikwenda kwa mkewe, nikamwambia kila kitu. Mimi mwizi, sikujificha. Alinitemea mate usoni, nikaacha yakauke. Kisha akauliza, "Nani mwingine alikuwa anajua?"

Nimempa anwani yako. Anakuja na treni ya Jumapili. Mfungulie mlango.

Mdogo wako,
Wuryani