Maneno Aliyoyapokea Kinyozi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi na watoto, ambao katika picha ya mwisho nimeona wamerefuka mpaka naona haya kuwaita watoto. Naomba muwe wazima wote. Kile kikohozi chako cha asubuhi kimekuachia? Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto limeanza kunitabiria mvua, na mara nyingi linakosea.

Najua hupendi habari za baa. Barua zangu za miaka hii yote nimezipitisha pembeni yake kama mtu anayekwepa dimbwi. Leo sitakwepa, univumilie.

Bado ipo. Babu angeingia leo angejua pa kuweka kofia yake. Kaunta ni ile ile ya mbao nyeusi, imebonyea pale viwiko vya watu vilipoegemea kwa miaka sitini na kitu. Watu bado wanaiita Ofisini, ili mume akimwambia mkewe kwamba amechelewa ofisini asiwe amesema uongo. Siku hizi wake nao wana meza yao, na wao pia wako ofisini. Saa nane mchana, jua likifika kwenye kreti za chupa tupu pale dirishani, sakafu nzima hugeuka kijani na kahawia, feni huzunguka polepole kana kwamba inawaza jambo lingine, na walioketi hupunguza sauti bila kuambiwa. Saa hiyo mimi mwenyewe huwa sijui ni mwaka gani. Nasikia mtu aliyekwisha kufa akisafisha koo, nageuka na glasi mkononi, kumbe ni kiti tu kimevutwa.

Mtaa huu unaishi humo kaka, kuliko majumbani mwake. Humo watu walisikiliza redio ya kwanza. Humo seremala alimposa mkewe, akakaa wiki mbili akisubiri jibu kwenye meza ile ile. Kamati ya misiba hukutana humo kila Jumamosi. Mkunga mstaafu, yule aliyetupokea sisi sote wawili, huingia saa tisa kunywa soda yake moja kwa saa nzima, na waliogombana hujipanga mbele yake kusuluhishwa. Nakueleza haya ujue ni mahali gani Baba alikuwa akipataja kule wodini.

Sasa nifike kwenye lililonishikisha kalamu. Wiki iliyopita kinyozi wa jirani, yule mrefu mwenye sauti nzito ambaye watu walizoea kukufananisha naye, alikuja asubuhi nikiwa nafuta glasi. Alisema anafunga kibanda chake na kuhamia kwa binti yake, kwa kuwa mikono imeanza kumtetemeka na hawezi tena kushika wembe. Nikampa pole. Hakuondoka. Akazungushazungusha kofia yake, kisha akasema:

"Nina kitu cha kaka yako, dada. Mwaka wa tatu huu nimekaa nacho. Mwandikie, la sivyo nitamtafuta mwenyewe."

Kaka, nilikuambia Baba alifia hospitalini, asubuhi, usingizini. Si kweli.

Siku ile ulinipigia simu ukasisitiza nisimtoe wodini. Nilikuitikia, na nilikuwa na nia ya kutii. Lakini daktari alikwisha kuniambia hakuna dawa iliyobaki ila ya kupunguza maumivu, na Baba alikuwa ameacha kuzungumza, anauliza tu kama Ofisini wameshafungua. Mchana nikatia saini karatasi ya kumtoa. Fundi magari alileta pikapu yake na godoro, akaendesha taratibu hivi kwamba baiskeli zilitupita.

Tulimketisha humo Ofisini, karibu na dirisha, kwenye kiti chenye mikono. Akaniomba nimsogezee mto, nikausogeza. Watu wakaingia mmoja mmoja, bila kelele, kama walioingia katika ndoto ya mtu mwingine na hawataki kumwamsha. Mkunga aliipakata miguu ya Baba. Baba akajigusa ndevu, akasema hataki kuonekana hivyo, basi kinyozi akaja na beseni na sabuni. Alikuwa amemaliza shavu moja, Baba alipomshika kifundo cha mkono. Macho yake yalikwisha kuingia ukungu, unajua. Akauliza:

"Profesa, ni wewe?"

Jina hilo hakuwahi kumwita mtu mwingine ila wewe. Kinyozi akanitazama. Ningeweza kusema hapana. Niliinamisha kichwa, kumruhusu.

"Ni mimi, Baba," akasema.

Hapo Baba akapaza sauti yote aliyokuwa amebakiwa nayo. Alisema kwamba miaka kumi na moja nyuma, mbele ya watu hawa hawa, ulimwambia unaona aibu kulelewa na glasi za walevi, naye akakujibu kwamba humu ndani huna baba. Wewe ulikuwa kijana, umeanza ualimu juzi tu, lakini yeye alikuwa mtu mzima na alijua anachokisema. Tangu siku hiyo hakukutafuta kwa sababu alisubiri uanze wewe, na hiyo ilikuwa jeuri tupu.

"Nilikukana mbele za watu," akasema, "na mbele za watu nakuomba radhi. Nisamehe, mwanangu."

Kinyozi alikuwa akilia, povu limemkaukia vidoleni. Akajibu kwamba amesamehe. Akamalizia shavu la pili, akampangusa vizuri, na Baba akasinzia. Zile rangi za chupa zilimpanda magotini, zikamfika kifuani. Saa kumi mkunga aliinua macho kunitazama, nikaelewa.

Ulipokuja kuzika, wote waliokuwamo walikupa mkono, na hakuna aliyetamka neno. Mimi ndiye niliyewaomba. Niliwaambia naogopa utasema nimemuua, na hilo lilikuwa kweli, ila si lote. Miaka kumi na moja nilimpikia, nikamfulia, nikamshika mkono kwenda msalani. Maneno yake matamu ya mwisho yakawa yako. Mimi aliniambia nisogeze mto. Nilikuonea wivu, kaka, nikakunyima kilicho chako, na kila ulipoandika kwamba Baba alikufa na kinyongo nilikunja barua yako nikanyamaza. Naomba unisamehe kwa hilo kuliko kwa lile la wodini.

Mkunga anakusalimu sana, na seremala, na fundi magari. Wakumbatie watoto kwa ajili ya shangazi yao. Kinyozi anaondoka mwisho wa mwezi, naye amenituma nikuulize jambo moja, maana hataki kuhama kabla ya kulijua: siku ile alipojibu kwa niaba yako kwamba umesamehe, je, alisema kweli? Andika kwa mkono wako, hata neno moja. Nitampelekea kama lilivyo.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea.