Swali la Mama Lusia

Rwamgasa, Geita

Kaka Mageni,

Shikamoo. Hamjambo huko Samuye? Mvua imewafikia?

Utafiti wangu unasonga. Nilikuja kuuliza nini huwapata wajane wa wachimbaji, mume akifa akaacha shimo la dhahabu. Dodoso la chuo halikufua dafu. Kila mama alijibu "ndiyo" ili niondoke. Nikaliweka kando, nikakaa chini kuponda mawe pamoja nao. Kumbe maneno yote yalikuwa hapo! Mashimo haya yana sheria ambazo hakuna aliyeziandika, na kila mtu anazijua.

Ila wana desturi yao: ukiuliza, nawe unaulizwa. Jana Mama Lusia, ambaye shemeji yake alimfukuza kwenye shimo la marehemu mumewe, alisimamisha nyundo akanitazama.

"Na kwenu, mwanangu, baba alipofariki shamba lilibaki kwa nani?"

"Kwa kaka."

"Na mama yenu analima wapi?"

Kaka, niliokota jiwe jingine nikaliponda. Amesema nisimuulize tena chochote kabla sijamjibu.

Nimwambie mama yetu analima wapi?

Nakungoja, nyundo mkononi.

Mdogo wako,
Nyamizi