Siyo Kiuno

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamka nimekakamaa tena. Kuvaa soksi tu, jasho. Nimemeza vidonge vya kiuno, nimejichua, nimekwenda shuleni. Kipindi kizima nimefundisha nikiegemea meza. Deo anasema ni uzee. Mume wangu ana maneno, na mimi ndiye mdogo kwake!

Jumamosi, 8 Machi
Muleba, kwa mama mkwe. Sikupiga magoti. Niliinama tu, nikashika ukuta, nikamsalimia kwa Kihaya, "Kasinge, waitu." Hakuitikia. Akamuuliza Deo, mbele ya mashemeji, kama wanawake wa Bukoba siku hizi wana magoti ya chuma.

Nikapiga magoti. Kuinuka nikashindwa. Mashemeji wawili wakaninyanyua kutoka kwenye nyasi alizotandika sebuleni. Aibu iliyoje! Namchukia yule mama. Leo namchukia kabisa.

Jumapili, 9 Machi
Mguu hautaki. Sikwenda misa.

Jumanne, 11 Machi
Hospitali. Daktari kijana, rika la mwanangu. Nikasema kiuno, kama siku zote. Kwetu kila kitu kati ya mbavu na mapaja ni kiuno, na panapouma hasa hapatajwi mbele ya mwanamume. Kaniandikia vidonge vilevile, na mazoezi ya viungo. Nimechoka.

Ijumaa, 14 Machi
Wa mazoezi ni dada. Hakuuliza panaitwaje. Kasema nionyeshe kwa kidole kimoja. Nikatazama mlango kama umefungwa. Nikaweka kidole kwenye kinena.

Akanilaza, akakunja goti langu, akauzungusha mguu. Yesu na Maria! Nimepiga kelele hadi korido. Kumbe ni nyonga. Ikiugua maungio yake huuma hapo mbele, kiuno kinasingiziwa bure. Picha ya eksirei aliyonituma kupiga imeonyesha gegedu, linalozuia mifupa isisagane, limelika. Siyo sana. Mazoezi ya kukaza makalio kila siku. Fimbo nishike upande mzima, na mimi nilikuwa naegemea mwavuli upande mbovu! Kigoda marufuku. Magoti marufuku kwa sasa. Nitamwambiaje yule mama?

Jumapili, 30 Machi
Mazoezi yanachosha. Nafuu ipo, kidogo tu.

Deo kamleta mama yake. Nimemsalimia nimekaa kwenye kiti. Akageuza uso. Deo alipotoka nikamweleza yote, nikamwonyesha hata panapouma. Liwalo na liwe.

Akatazama mlango. Kisha akaweka kidole chake palepale, kwake.

Tangu baba mkwe yu hai, anasema. Hakuwahi kumwambia, wala padri, wala mtu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nikalia.

Ijumaa, 4 Aprili
Nimempeleka kwa yule dada. Tumepanda ngazi polepole, mimi na fimbo yangu, yeye na mwavuli. Nimemhamishia mwavuli mkono wa upande mzima.

Alipoulizwa, alisema kiuno. Nikamgusa bega. Akasema hapana, siyo kiuno.