Vidole Juu ya Boneti

Wyandotte, Michigan
Jumapili, tarehe 9 Machi

Dada yangu mpendwa Bernadine,

Pokea salamu zangu, na za wifi yako Loretta pia. Natumaini barua hii itakukuta hapo Bay City ukiwa na nafuu, goti limepungua uvimbe, na daktari amekuruhusu kushuka ngazi kwenda kufua bila kushikwa mkono. Sisi huku hatujambo. Loretta ameacha kahawa kwa ajili ya Kwaresima, na tangu Jumatano ya Majivu nyumba haikaliki. Mimi mwili mzima, ila roho ndiyo inayouma, na utaona sababu ukifika mwisho.

Barua yako niliipata Jumanne pamoja na zile kurasa tatu unazotaka kuzisoma mbele ya jaji Alhamisi ijayo kabla hajatoa adhabu. Umeniomba nizinyooshe lugha, kama nilivyokuwa nikikuandikia insha shuleni nawe ukinihonga peremende. Nimezisoma mara nyingi. Umeandika vizuri, dada, mahali pengine vizuri kuliko ninavyoweza mimi, hasa pale unapoeleza jinsi Mama alivyojaza viazi na kukunja pierogi za mwisho na kuziacha kwenye friji. Lakini sitazinyoosha. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu, kwa kuwa kwenye simu ungenikatisha katikati, nami ningeshukuru kukatishwa.

Kwanza lile la simu ya jirani yako Dwayne. Umeandika kwamba alikuwa akichezea simu alipomgonga Mama, na najua mtaa mzima sasa unasema hivyo kwa sababu umeanza wewe. Polisi waliipekua simu ile. Ilikuwa jikoni kwake, inachajiwa. Pombe hakuwa nayo, ilikuwa saa mbili asubuhi na mtu anakwenda kazini kutengeneza tanuri la kupashia nyumba ya watu joto. Mwendo wake ulikuwa wa mtu anayetoka uani kwake. Hayo yote unayajua, dada, maana mwendesha mashtaka alikueleza mbele yangu, ukamjibu kwamba mtu hawezi kumgonga bibi kizee aliye mbele ya pua yake akiwa na akili timamu. Hapo ndipo unapokosea, na kosa hilo si lako.

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuja Bay City bila kukuambia. Nisamehe, niliegesha gari kanisani ili usilione. Nilikwenda kwa Dwayne Pruitt nikagonga mlango wa pembeni. Alipofungua nilidhani ni babake, kwa jinsi alivyokonda. Mapazia yamefungwa, vyombo vimelundikana. Akaniuliza kama nimekuja kumpiga, maana kama ndiyo, basi tutoke nje tusije tukavunja kabati aliloacha mkewe. Nikamwambia nina miaka sitini na minane, nitampiga na nini. Akanikaribisha kiti.

Alinisimulia bila kuulizwa. Gari lilikuwa limeingizwa kinyumenyume kama kawaida yake, pua ikitazama barabara. Siku ile ilikuwa ya taka, na lori la taka lilikuwa limekwisha kupita. Unajua tabia ya Mama: akirudisha pipa lenu kutoka barabarani lazima arudishe na la Dwayne, na la yule mjane wa kona. Dwayne alikuwa akimwambia kila wiki, “Bi Stefania, acha, utanitia aibu,” naye Mama anamjibu kwamba mtu asiyeweza kurudisha pipa lake mwenyewe aibu anayo tayari. Basi asubuhi ile Dwayne alitoka kwa mlango wa pembeni, akapanda, akafunga mkanda, akatazama mbele. Aliona barabara. Aliona sanduku la barua la jirani wa ng'ambo, na kibendera chake chekundu. Akaondoa gari. Akasikia kishindo kidogo, akalaani moyoni kwamba amevunja pipa. Alishuka kwenda kuokota pipa, Bernadine. Hapo akaanza kupanga vijiko vilivyokuwa mezani, nami nikamwacha avipange.

Akaniambia atapokea chochote jaji atakachompa, na kama ni mwaka mzima jela basi ni mwaka. Kazini wamemwambia kijanja kwamba asijisumbue kurudi. Anachotaka kujua ni kitu kimoja tu, akaniuliza mimi kwa kuwa nimefanya kazi ya magari maisha yangu yote. Aliniuliza: “Leonard, mimi nilikuwa natazama. Naapa nilikuwa natazama. Sasa mbona sikumwona?”

Nilimjibu kwamba sijui. Nikanywa kahawa yake, nikamshika bega, nikaondoka. Njia nzima ya kurudi nilikuwa najitukana.

Wewe unajua nilikuwa mchongaji wa udongo kwenye kampuni ya magari, lakini sidhani kama uliwahi kujali hasa nilifanya nini, na sikulaumu, Loretta naye hajawahi. Kabla gari halijawa chuma, huchongwa kwanza kwa udongo, ukubwa uleule wa gari lenyewe. Mchoraji anachora, sisi tunapaka, tunakwangua, tunalainisha kwa kiganja. Wakubwa wanakuja, wanalizunguka mikono mifukoni, wanasema ongeza hapa, punguza pale. Kazi tamu, usione hivi. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikwenda kazini nikiwa na furaha.

Pikapu ya Dwayne ni ya kwetu. Niliichonga mimi na wenzangu watatu, na pua yake ilikuwa sehemu yangu. Mkuu wetu wakati ule alikuwa bwana mmoja anaitwa Prentiss Aldergate, kijana wa viatu vya ngozi bila soksi. Alipoiona mara ya kwanza alisema uso wake unafanana na mtu anayeomba radhi. Alitaka uso ambao dereva wa mbele akiuona kwenye kioo chake ahame njia mwenyewe. Nikaongeza udongo upana wa vidole vinne. Wiki iliyofuata akasema bado, huyu sasa anaomba radhi kwa sauti ya juu. Nikaongeza tena. Mara ya tatu nikaongeza bila kuambiwa, kwa sababu nilikwisha kumwelewa, na akanipiga mgongoni mbele ya wote akasema Leonard ana jicho la kazi hii.

Injini haikuongezeka hata kidogo. Chini ya boneti ile, kati ya bati na injini, mna nafasi ambayo ungeweza kuweka bata mzinga wa sikukuu na sufuria lake. Ni hewa. Tulipandisha pua ya gari hadi kufikia macho ya mtu ili kufunika hewa. Na nguzo za pembeni mwa kioo tulizinenepesha, ili gari likipinduka paa lisiwaponde waliomo ndani. Waliomo ndani wana sheria, wana mifuko ya hewa, wana wanasesere wa kuvunjwa mbavu badala yao kwenye majaribio. Aliye nje hana mwanasesere. Hakuna karatasi hata moja iliyotutaka tuseme dereva anaanza kuona lami umbali gani kutoka kwenye pua ya gari. Hatukuulizwa, basi hatukusema.

Na watu waliipenda, dada, usidhani tuliwalazimisha. Tuliwaita kwenye ukumbi wapande na kushuka, na wote walisema wanapenda kukaa juu, wanajihisi salama, wanaona mbali. Wewe mwenyewe uliniambia hivyohivyo uliponunua lile lako, kwamba humo juu hakuna wa kukutisha. Mama ndiye aliyekuwa anahitaji kigoda ili apande kwenda misa. Alikuwa akisema linafaa kwa watu wanaokwenda vitani, na sisi tulikuwa tukimcheka.

Sasa nikuambie nililolificha. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini mimi niliuficha na nikalala nao kwa raha miaka saba.

La kwanza ni dogo, ingawa ukilisikia huenda usilione dogo. Kampuni hutupa kila mwaka nambari chache za punguzo la bei, tuwagawie ndugu na marafiki. Unakumbuka Dwayne alivyokuja kuondoa theluji kwenye njia ya Mama majira yale mlipokuwa wagonjwa wote wawili, asubuhi tatu mfululizo, akakataa hata chai? Nilitaka kumshukuru. Nilimpa nambari yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Alikuwa na gari dogo la mizigo, pua fupi, limechakaa, na angeendelea nalo. Ni mimi niliyempigia simu nikamwambia achukue lile kubwa, nililichonga mwenyewe, hatajuta. Neno lenyewe nililotumia ni hilo, hatajuta.

La pili ni hili. Mwaka mmoja kabla gari lile halijatoka kiwandani, kampuni ilifanya siku ya familia kwenye karakana yetu. Simu zilikusanywa mlangoni, magari mengine yakafunikwa maturubai, likaachwa lile moja la udongo, limepakwa rangi hata usijue si chuma. Wewe ulikuwa na harusi ya mtu Saginaw, kwa hiyo nilikwenda na Mama. Alivaa lile koti la buluu. Ndani ya gari la udongo huwa hamna kitu, kwa hiyo pembeni kulikuwa na kiti na usukani vilivyofungwa juu ya jukwaa, na mbele yake boneti na kioo kwa vipimo vilevile, ili watu wakae waonje. Nilipanda. Mama akaja akasimama mbele, aniangalie mwanawe.

Sikumwona. Nilimwita nikidhani amekwenda kwenye meza ya keki. Akajibu kwamba yupo hapa, yuko mbele yangu, mimi kipofu au vipi. Nikamwambia anyooshe mkono. Akanyoosha, nikaona vidole vyake juu ya boneti, vidole tu, vinatikisika kama vya mtoto anayemwita mwalimu. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Wenzangu wakaja kutazama, wakapanda kwa zamu, na Mama naye maskini akawa anaficha na kutoa vidole kwa kila mmoja, anafurahi kwamba anachekesha watu. Aldergate alisema tatizo si gari, tatizo ni mama, inabidi nitafute mrefu zaidi. Tukacheka na hilo pia.

Udongo ulikuwa bado unakwanguka, Bernadine. Jumatatu yake tulikuwa na kikao cha mwisho cha kupitisha, wakubwa wote wapo, na Aldergate akauliza kama kuna mchongaji mwenye la kusema. Nilikuwa nimelibeba kwenye ulimi tangu Jumamosi. Nikawaza kwamba nimebakiza miaka michache kustaafu, nikawaza lile pigo la mgongoni, nikawaza nitaonekana mzee anayeogopa magari. Nikasema sina. Mwenye macho haambiwi tazama, nami niliyatazama kwa macho yangu haya, tena aliyesimama pale alikuwa mama yangu mzazi, si mtu wa kufikirika. Udongo ungekwanguliwa kwa siku mbili.

Novemba uliponipigia na kusema Mama amegongwa uani kwa Dwayne, sikukuuliza gari gani. Hukulishangaa hilo, nami nilimshukuru Mungu kwamba hukulishangaa. Kwenye chakula cha mazishi watu walinikumbatia mmoja baada ya mwingine, na padri akanishika mikono miwili akisema mikono hii ilimtunza mama. Nilimwacha aishike.

Kwa hiyo sitakusaidia kumfunga Dwayne. Nimeandika kurasa zangu mwenyewe, zimo humu nyuma ya zako. Nimemwandikia wakili wake na mwendesha mashtaka, nimewaambia nitasimama niyaseme haya nikiulizwa na hata nisipoulizwa. Wakili amenionya kwamba huenda jaji asiruhusu, kwamba gari halijashtakiwa. Kampuni nayo, iliposikia, imenitumia barua ya upole sana kunikumbusha karatasi nilizotia saini wakati wa kustaafu. Wachukue wanachotaka kuchukua. Loretta amelia kwanza, kisha akaninyooshea shati.

Siku ya kwanza mahakamani nilikaa ubavuni mwako, nikakushika mkono, ukaniambia sasa umebaki na mimi tu. Alhamisi usiniwekee nafasi. Nitakaa upande wa pili, kwenye benchi nyuma ya Dwayne, maana hana mtu. Ukizisoma kurasa zako tatu bado nitakusikiliza mpaka mwisho, na pale ulipoandika kwamba aliyemuua Mama alikuwa anatazama pembeni, ukiinua macho unitafute, nitakuwa nimeketi mahali unaponiona.

Nisalimie akina Kowalczyk na wote wanaoniulizia. Usisahau kuweka barafu gotini, na ukipanda gari tafadhali zunguka kwanza mbele, utazame kwa miguu.

Ni mimi mdogo wako, kama bado utaniita hivyo,

Leonard