Simu Ilipozimika Bibi Yako Akiongea

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Shangazi yako anakusalimu. Ng'ombe amezaa, ila magoti yangu yamechoka na mteremko wa kihambani, huku kwenye migomba yetu.

Umeniuliza kama kuna mtu atajali hiyo prosesa mnayoitengeneza huko chuoni, ubongo wa simu usiokula chaji. Nitakujibu kwa jambo moja.

Simu za mkononi zilipoanza kufika huku Mwika, bibi yako alilazwa Moshi mjini. Baba yako, Elia, alibaki naye, mimi nikarudi nyumbani kulisha ng'ombe. Umeme hatukuwa nao. Simu niliipeleka kuchaji kwa mwenye jenereta, na niliiwasha jioni tu ili isiishe.

Jioni moja bibi yako akapiga mwenyewe kwa simu ya baba yako. Nikamweleza habari za migomba. Akasema kwa sauti ya chini, "Sasa, Baba Elia..." na simu yangu ikaisha chaji, ikazimika.

Asubuhi nikashuka mjini nikiwa na hofu, nikidhani nimekosa wosia wake. Nilimkuta macho.

"Ulitaka kuniambia nini jana?"

"Sikuwa na neno," akasema. "Nilitaka uendelee kuongea, nikusikie."

Basi nikakaa pembeni ya kitanda nikaongea, habari za migomba na za majirani, mpaka akasinzia. Hakumaliza wiki ile.

Watu wa namna yake ni wengi, Neema. Hawana jambo la haraka, wanataka tu mtu asiondoke masikioni. Tangu siku hizo, anayenipigia simu simkatii. Namsubiri akate yeye.

Mkono umechoka, naishia hapa.

Babu yako